Mifuko Iliyong'atwa

Generoza alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuwahi kuupeleka hospitali: alipenda kujua. Ukimwambia fulani kasafiri, atauliza kasafiri na nini, kamuaga nani, na kwa nini kaondoka siku ya gulio wakati kila mtu anajua siku hiyo magari yanajaa. Baba yake, aliyetoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge na asirudi tena, alikuwa akisema mtoto huyu ataulizia mpaka jeneza lake limepimwa na fundi gani. Mashamba ya mkonge yalipodorora na baba akafariki, ndugu wengine walitawanyika. Generoza alibaki Kilosa mjini, akaolewa, akafiwa na mume kabla hawajapata mtoto, kisha akapata kazi ambayo wanawake wengi waliizibia pua. Alikuwa anaosha matumbo ya ng'ombe pale machinjioni.

Wengine waliifanya kazi ile kwa kuharakisha. Yeye aliifanya kama mtu anayefungua barua. Akishapasua lile tumbo kubwa ambalo watu huliita taulo, kabla ya kumwaga majani alikuwa anayachambua kwa vidole. Alishapata misumari, vifungo vya makoti, sarafu ya zamani yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, na mara moja akapata rozari nzima. Ile rozari aliitembeza parokiani Jumapili tatu mfululizo mpaka bibi mmoja akaitambua na kulia kwa furaha. Ilivyofika tumboni mwa ng'ombe bibi hakutaka kusema, na jambo hilo lilimkosesha Generoza usingizi kwa wiki nzima.

"Ng'ombe anaokota kila kitu na hasemi," alikuwa akiwaambia wachinjaji. "Lakini kwangu atasema tu."

Halafu ikaja biashara huria. Maduka yaliyokuwa na vumbi na viberiti tu yakajaa sabuni za kila rangi, redio, nguo za mitumba, na pamoja na vyote hivyo ikaja mifuko ya nailoni. Kabla ya hapo sukari ilifungwa kwenye gazeti, nyama kwenye jani la mgomba, mafuta uliyafuata na chupa yako, na mwanamke aliyekwenda sokoni bila kikapu cha ukindu alionekana kama aliyekwenda bila kanga. Nailoni za kwanza zilipewa heshima. Watu walizifua, wakazianika kambani na nguo, wakazikunja chini ya godoro. Domina, jirani yake Generoza, alikuwa na moja nyeupe yenye picha ya ua ambayo hakuitoa ila siku ya kwenda kanisani. Baada ya miaka michache zikawa nyingi mno hata mtoto hakuinama kuokota.

Generoza alizifuatilia hizo nazo. Siku moja alikwenda Mikumi kwenye mazishi, akaona abiria wa mabasi ya barabara kuu wakinunua vitunguu kupitia madirishani, na mifuko ikirushwa kupitia madirisha hayo hayo, miba yote ya kandokando imevaa nailoni hadi karibu na mbuga. Akamuuliza mtu aliyekaa naye, "Hizi zinaenda wapi?"

"Zinaenda wapi tena?" yule akamjibu. "Zimeshafika."

Jibu lile halikumtosha. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuwa malaika. Utumbo aliopewa kama ujira aliukata vipande akauuza barazani kwake jioni, na kila kipande alikitia kwenye nailoni ya bluu, kwa sababu wateja walipenda kutembea mikono mikavu.

Siku zake zote zilifanana isipokuwa Jumanne. Jumanne alikuja Nalepo. Huyu alikuwa mke wa Kaelo, mtoto wa mzee Sironga, mfugaji mwenye boma lake kule uwandani ng'ambo ya Mvumi, naye alileta maziwa mjini kwa vibuyu. Walianza urafiki kwa swali. Generoza alimuuliza kwa nini maziwa yake yananukia moshi, na Nalepo, badala ya kucheka kama wenzake, alikaa kizingitini akamweleza asubuhi nzima jinsi kibuyu kinavyosuguliwa kwa kijiti chenye kaa la moto, mti gani unafaa na upi unaharibu, hadi lori lake likamwacha. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Generoza alipougua homa kali, ni Nalepo aliyelala sakafuni kwake siku tatu akimpa uji. Hakuwa na ndugu mwingine Kilosa, na hakuona aibu kusema hivyo.

Kiangazi cha mwaka tisini na saba, kabla ya zile mvua zilizokuja kubomoa madaraja, Nalepo alifika Jumanne moja na kibuyu kimoja badala ya vitatu. Hakukaa.

"Dada, ng'ombe wa nne amekufa juzi," alisema. "Na mzee amesema basi. Jumamosi ya wiki ijayo kuna baraza ofisi ya kijiji. Anamshitaki Melkizedek kwamba ametilia sumu mabua ya shamba lake. Baraza likiisha tunahama."

"Mnahama mnakwenda wapi?"

"Tunapita Mikumi, tunavuka mto Ruaha, tunakwenda mbali huko. Mzee hataki kukaa karibu na mtu anayeua ng'ombe."

Generoza alimjua Melkizedek. Alikuwa mkulima wa mahindi na nyanya, mtu wa maneno makali, na kila kiangazi yeye na Sironga walizozana juu ya ng'ombe kuingia shambani. Aliweza kutukana siku nzima. Lakini sumu? Generoza aliogopa kumkosa Nalepo, na pamoja na woga huo kile kiugonjwa chake kikaamka.

"Hao waliokufa, walikufaje? Walitokwa na povu? Walianguka ghafla?"

"Hapana. Wanakonda polepole. Mwezi, miezi miwili. Anakaa tu, hacheui. Mbavu unazihesabu, lakini tumbo limejaa kama mwenye mimba."

"Mlimpasua hata mmoja?"

"Nani apasue ng'ombe wa sumu? Tumewachoma moto."

Generoza alimshika mkono. "Mdogo wangu, mwambie Kaelo amwambie mzee. Akiwapo mwingine anayekonda namna hiyo, asingoje afe. Amlete kwa Kondo auzwe, mradi nimwone tumbo."

Kondo alikuwa mwenye bucha aliyemwajiri. Alhamisi ya wiki ile ng'ombe akaletwa, mwekundu, kakonda, anatembea kwa kuvuta miguu. Alichinjwa, bwana mifugo akakagua nyama akapiga muhuri, na Generoza akabaki na tumbo lake. Alipolipasua kisu kiligoma. Majani yalikuwa kiganja kimoja tu. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa donge la nailoni, limesokotana na kukazana, zito, likajaza karai.

Kondo alichungulia akarudi nyuma. "Tupa, mama. Tupa haraka. Watu wakisikia nyama yangu imetoka kwa ng'ombe mla nailoni, nitaila mwenyewe mpaka Pasaka."

"Nitatupa," Generoza alisema, akafunika karai kwa gunia na kulipeleka kwake.

Siku mbili alizimaliza uani akichambua. Alilowesha lile donge kwa maji ya majivu, akafumua mfuko mmoja mmoja, akasugua kwa mchanga, akaanika kambani. Domina alitoka, akaiona kamba imejaa nailoni mwanzo hadi mwisho, akaingia ndani. Baadaye alirudi na uji, kwa sababu aliamini jirani yake kachanganyikiwa.

"Sijachanganyikiwa," Generoza alisema. "Njoo uone. Ya bluu ni tisa. Bluu hii nani anauza nayo?"

Domina alitazama. "Si wewe?"

"Ni mimi." Alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu alikuwa amezijua tangu ile ya kwanza na hakupenda kuzijua. "Nyeusi za sokoni ni kumi na nne. Sasa tazama hii midogo isiyo na rangi. Sitini na moja! Na kila mmoja fundo lake bado limefungwa."

"Limefungwaje wakati ndani hamna kitu?"

"Ndilo ninalouliza. Fundo limefungwa, lakini kona ya chini imetoka. Haikukatwa kwa kisu, wala haikutafunwa na ng'ombe, maana ng'ombe angetafuna kila mahali. Imeng'atwa na mtu. Yote sitini na moja, kona moja, namna moja."

Domina aliweka uji chini. Sasa na yeye alikuwa ameshikwa.

Kwa siku tatu Kilosa mjini haikupumua. Generoza alikwenda sokoni na mfuko mmoja uliong'atwa, akauliza kila mwenye meza. Vifuko vya namna ile vilifungia vitu vitatu: karanga, sabuni ya unga, na chumvi. Lakini hakuna aliyeng'ata. Wanawake walifungua fundo kwa kucha, kwa sababu kifuko kizima kinafaa kufungia kingine. Mama lishe walikata kwa kisu. Vijana wa karanga walipasua katikati na kutupa. Mtu mmoja akamwambia, huenda ni mtu mwenye mkono mmoja, na Generoza akaondoka mbio hadi stesheni kwa mzee Timotheo, aliyekatika mkono akiwa kazini relini tangu zamani. Alimpelekea chumvi kama zawadi, akakaa kumtazama. Timotheo alibana mfuko katikati ya magoti, akatoa kisu kidogo mfukoni, akakata juu taratibu.

"Unanitazama hivyo kwa nini?" Timotheo aliuliza. "Unataka kuolewa?"

"Nataka kujua, baba."

"Mimi nilidhani unataka jambo jepesi," alisema yule mzee, wakacheka wote wawili.

Alirudi hana jibu, ila alikuwa na nusu yake. Si mkono mmoja uliokatika, bali mkono mmoja wenye shughuli. Mtu ana kitu mkono wa pili ambacho hawezi kukiweka chini, na hana nafasi ya kuhangaika na fundo. Alhamisi, siku mbili kabla ya baraza, alipanda lori la mchanga hadi Mvumi, akatembea kilomita zilizobaki kwenda bomani kwa mzee Sironga, alikotoka yule ng'ombe mwekundu. Kikapuni alikuwa na mifuko ishirini iliyofuliwa.

Alifika jua likielekea kuzama, ng'ombe wakiwa wanarudi. Nalepo alimpokea kwa furaha na wasiwasi pamoja, akamweka mahali pa kuona. Mzee Sironga alikuwa amesimama katikati ya mifugo yake, mrefu, mkongwe, fimbo mkono wa kushoto. Ng'ombe walikuwa wanamsukuma pande zote kwa hamu, naye anawatuliza kwa fimbo na kuwaita mmoja mmoja kwa majina, kwa Kimasai, kwa sauti ambayo Generoza hakuwahi kusikia mwanamume akiitumia hata kwa mtoto. Kwenye mfuko wa ngozi begani akatoa kifuko cha chumvi. Mkono wa kushoto una fimbo. Akakipeleka mdomoni kwa mkono wa kulia, akang'ata kona, akaitema, akamwaga chumvi juu ya jiwe.

Generoza alisikia mwili ukimsisimka kwa furaha. Nimempata! alijiambia, na angeweza kupiga kigelegele.

Kisha akaona kilichofuata. Mzee hakukitupa kile kifuko. Alimpelekea ng'ombe mmoja wa mabaka, aliyeitwa Keri, akamlambisha chumvi iliyogandia ndani. Keri alilamba mfuko, akalamba kiganja, akalamba kifundo cha mkono, na mzee akawa anacheka. Mfuko ukaingia mdomoni. Mzee akampiga kofi dogo la upendo shingoni, akatoa kifuko kingine, akang'ata. Ile furaha ya Generoza ikamtoka yote. Keri alikuwa mbavu tupu na tumbo limejaa.

"Nalepo," alinong'ona, "ni yeye. Ni baba mkwe wako anawalisha. Mwambie."

Nalepo alikuwa ameona mifuko kikapuni, akaelewa kabla ya kumaliziwa. Alitikisa kichwa, macho yamemjaa machozi. "Mimi siwezi, dada. Mkwe hamwambii mkwewe neno kama hilo. Na Kaelo hawezi kumwambia baba yake mbele ya ng'ombe. Hapa hakuna anayeweza."

Basi akabaki mgeni peke yake wa kusema. Generoza alingoja mzee amalize, akamsogelea, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeosha matumbo."

"Ndiye mimi. Naomba kuuliza, baba."

"Nimeambiwa usipouliza unaumwa," Sironga alisema, na wanawake wakacheka. "Uliza."

Njiani alikuwa ametunga maneno mengi, na sasa yote yalionekana ni ya kumpiga mzee usoni. Akaamua kufanya anachokijua.

"Unawapa ng'ombe vifuko vingapi kwa siku?"

"Sita. Kiangazi kikikaza, nane. Ng'ombe wa kiangazi bila chumvi hana maziwa."

"Tangu lini unanunua ya vifuko?"

"Mwaka wa pili huu. Zamani tulinunua kwa gunia, tukabeba kwenye kibuyu. Siku hizi dukani imefungwa tayari, ni rahisi."

"Na vifuko vikiisha, baba?"

"Wanalamba. Chumvi iliyoshika kwenye mfuko ni chumvi pia. Situpi chumvi mimi, na wao wanafurahi."

"Wakishalamba?"

"Wakishalamba nini?"

"Vifuko vinakuwa wapi?"

Mzee alitazama uwanja wake. Ulikuwa safi, mavi makavu na nyayo tu. "Boma langu ni safi," alisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayejitetea kabla hajashitakiwa. "Kila mgeni anasema."

"Hata mimi nimeona, baba. Sisi mjini hatuna pa kukanyaga kwa nailoni. Hapa kwako, tangu nimefika, sijaona hata moja. Sita kila jioni, kwa miaka miwili."

Bila kumwambia mtu, mzee Sironga alianza kutembea kandokando ya ua wa miba, anachokoa kwa fimbo, anainama na goti lake bovu, anachungulia chini ya matawi. Alizunguka boma zima. Generoza alimfuata kwa macho na kuomba kimoyomoyo kwamba apate hata kumi, hata vitano, jambo ambalo hakuwahi kuliomba maishani, yaani kwamba yeye awe amekosea. Mzee alirudi pale pale alipoanzia, mkono mtupu.

Generoza alitoa ile mifuko ishirini kikapuni na kumpa kwa mikono miwili. Mzee aliutazama mmoja, akaupeleka polepole kwenye meno yake. Ulikaa sawasawa.

"Yule mwekundu?" aliuliza.

"Yule mwekundu, baba. Tumbo halikuwa na nafasi ya majani."

"Na wale wanne niliowachoma?"

"Hao sikuwaona, siwezi kuapa. Na katika yule mwekundu baadhi ya mifuko ilikuwa yangu mimi, ya bluu, ya kuuzia utumbo. Ameiokota njiani."

"Ngapi yako?"

"Tisa."

"Na yangu?"

"Sitini na moja."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akaingia ndani mwake. Hakutoka tena siku ile, na Generoza alilala kwa Nalepo bila kufumba macho, akijiuliza kama kujua kuna faida yoyote.

Jumamosi ofisi ya kijiji ilijaa hadi madirishani. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji upande mwingine, na vijana wa pande zote mbili walikuja na fimbo ambazo mwenyekiti aliamuru ziachwe nje. Melkizedek alikuwa amevaa koti na kuleta mashahidi sita. Mwenyekiti akamwita mzee Sironga aseme shitaka lake. Generoza, kwenye benchi la nyuma na Nalepo, alikuwa hajui mzee atasema nini. Angeweza kunyamaza, akahamisha watu wake akiwa na heshima yake yote, na hakuna ambaye angejua.

Mzee alisimama. "Nilikuja kwenu mara tatu kusema kuna mtu anaua ng'ombe wangu," alianza. "Nilisema ana roho mbaya. Nilisema hastahili kukaa karibu na watu. Mtu huyo nimempata."

Upande wa wakulima ukaanza kuguna. Melkizedek akainuka nusu.

"Kaa, Melkizedek, si wewe. Ni mimi." Aliinua kifuko kitupu, akakionyesha kila upande. "Nimewalisha hivi kwa mkono wangu, huku nawaita kwa majina. Walinitii. Niliyemwita muuaji mbele yenu ni mtu wa matusi tu, na matusi hayaui ng'ombe. Nisamehe."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mzee wa umri ule kuomba msamaha mbele ya vijana lilikuwa jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. Melkizedek aliwatazama mashahidi wake sita, ambao sasa hawakuwa na kazi. Akakohoa.

"Mimi sumu sikuweka," alisema. "Lakini miche yangu ya nyanya naipanda kwenye vifuko, na nikishahamishia miche shambani vifuko navitupa palepale kwenye mabua. Ng'ombe wako wakiingia..." Alishindwa kumalizia, akakaa. Baadaye alisema hajui kilichomfanya aseme, maana hakuna aliyemuuliza.

Mwenyekiti akataka kujua kama wafugaji wanahama. "Nihame niende na mkono huu huu?" Sironga alimjibu. Kando ya Generoza, Nalepo alijifunika uso kwa shuka akalia kwa sauti, na Generoza hakumuuliza chochote.

Wiki ile ile boma la Sironga lilirudi kwenye chumvi ya gunia, wakaibeba kwa kibuyu chenye mdomo mpana kama zamani. Mwenye duka wa Mvumi alilalamika kwamba kupima kunamchelewesha, kisha akazoea. Melkizedek alianza kukusanya vifuko vyake vya miche kwenye gunia na kuvitumia msimu uliofuata. Na Generoza akawatangazia wateja wake kwamba mwenye kutaka utumbo aje na sufuria au jani. Mmoja alimwambia anarudisha watu enzi za foleni. Wengine wawili walihamia kwa muuzaji wa ng'ambo ya barabara na hawakurudi. Domina alikuja na bakuli, siku ya kwanza akanung'unika, siku ya pili akasahau kunung'unika. Mjini nailoni hazikupungua kwa hayo, mtu asidanganywe. Za njiani zilikuwa njiani vilevile.

Keri hakupona. Bwana mifugo alimshika tumbo akasema amechelewa. Mzee Sironga angeweza kumwachia Kaelo amlete, lakini alimleta mwenyewe, kwa miguu, siku mbili njiani, akimpumzisha kila penye kivuli. Wakati wa kuchinja aligeuka upande wa mto. Kulipokwisha aliingia hadi pale Generoza alipokuwa anafanyia kazi, mahali ambapo hakuna mwenye ng'ombe aliyewahi kukanyaga, akaketi juu ya debe lililofudikizwa.

"Fungua," alisema.

"Baba, si lazima uone."

"Wewe hupenda kujua. Na mimi nataka kujua."

Generoza alipasua, akalitoa donge, akaanza kufumua. Mfuko wa kwanza ulikuwa na kona iliyong'atwa. Aliuweka chini mbele ya mzee, na mzee akahesabu kwa Kimasai, taratibu, kila mfuko na namba yake. Walipofika arobaini Generoza aliona machozi yanamtiririka yule mzee hadi kidevuni, akasimamisha mikono yake ndani ya karai.

"Bado ipo?" Sironga aliuliza.

"Bado ipo mingi, baba."

"Basi endelea," alisema, akajifuta uso kwa shuka na kusogeza debe karibu. "Alikula yote. Na mimi nitahesabu yote."